Lala, Utasahau

Waliokuwepo ni hawa. Mimi mwenyewe, mama wa marehemu, nimekaa chini nimeegemea ukuta upande wa dirisha. Wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu mume wangu, shangazi wa aliyekufa. Yeye alikuwa karibu na mlango, kwa sababu popote anapokaa lazima aone anayeingia. Mdogo wangu wa tumbo moja, aliyefika kutoka Bwegera na mfuko wa mchele kichwani na mbuzi kwenye kamba. Wanawake wawili, mwembamba na mnene, waliokuwa wakianika ndagala, dagaa wa ziwa letu, pamoja na binti yangu kwenye mchanga wa Kalundu. Hao si ndugu wa damu, lakini walimwona saa nyingi kuliko sisi. Jirani tunayegawana naye ukuta, mama wa maombi. Mkwe wangu, mume wa marehemu, aliyefika kutoka machimbo ya dhahabu siku moja baada ya maziko. Yeye alikuwa nje na wanaume, kwa hiyo namhesabu nusu. Na mjukuu wangu, mtoto wa pekee wa marehemu, miaka kumi na moja, kichwa chake kwenye paja langu, macho wazi.

Mbuzi naye nimhesabu. Aliletwa achinjwe kwa ajili ya wafiwa, lakini wifi yangu alimpapasa tumbo akasema huyu ana mtoto ndani, hatuwezi kula wawili wakati tunamlilia mmoja. Tukamwacha. Nitamrudia baadaye.

Majina yao wote ninayo, ya ubatizo na ya nyumbani, hata yale waliyoitwa utotoni na sasa wanayaonea haya. Hapa mtaani watu wakibishana nani alizaliwa mbele ya nani, wanakuja kuniuliza mimi. Lakini siyaandiki. Walio hai sikuwaomba ruhusa. La binti yangu, mtoto wake amenikataza. Anasema mtu asiyemjua akilisoma, atalisoma kama jina la mtu yeyote tu.

Nawapanga hivi kwa sababu siku ile, siku ya tatu ya matanga, kuna maneno yalisemwa kwenye ile mikeka, na mimi peke yangu sitoshi kuwa shahidi.

Ilikuwa mchana, joto la kuchoma bati. Tulikuwa tumechoka na kilio. Watu hawasemi sana kwamba kulia ni kazi, lakini ni kazi kama kulima, inakamata mgongo na mbavu, na siku ya tatu sauti zilikuwa zimekatika, tumebaki kukaa tu. Binti yangu alikamatwa na homa Jumatatu, Ijumaa tukamzika. Tangu Ijumaa ile mtoto hakuwa amefumba macho. Nikampapasa mgongo, nikamwambia:

"Lala, mama. Lala, utasahau."

Maneno haya kwetu kila mtu anayasema kwenye kilio. Mimi niliambiwa nilipozika watoto wangu wawili wa kwanza, nikaambiwa tena nilipomzika baba yao. Ni ya kutuliza tu, kama mtu anayesema pole. Hakuna anayeyapima uzito. Mtoto aliinua kichwa akanitazama, kwa muda, vile unavyomtazama mtu mzima aliyekutuma ukaibe. Halafu akarudisha kichwa pale pale. Mimi nikafikiri: aksanti Mungu, sasa atasinzia.

Matanga yakaisha, mikeka ikarudishwa kwa wenyewe. Mkwe wangu akafunga mfuko wake kurudi machimboni. Akasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Mama, nakuachia mutoto."

"Unaniachia nini? Nilikuwa naye tangu azaliwe. Weye njo tunakuachia machimbo."

Akacheka kidogo, akalia kidogo, akaenda. Ni mtu mzuri. Hajui kukaa.

Tukabaki wawili, na mbuzi. Sasa niseme ukweli wangu mwenyewe kwanza, kabla ya kusema wa mtoto: mimi pia nilikuwa nimeacha kulala. Kila nikifumba macho, naona kitanda cha hospitali, mkono wa binti yangu, na ile mipira ya dawa inayoshuka tone kwa tone. Ni kile kile, kila mara, hakiongezeki wala hakipungui, na mwisho wake ni mkono ule kuwa baridi. Nikiamka moyo unakimbia kama wa mtu aliyefukuzwa. Kwa hiyo nilikuwa nakaa kwenye kiti. Nilijiambia uzee umeniondolea usingizi. Kumbe nilikuwa naukimbia mwenyewe. Mchana nilikuwa natembea kama mwenye mawe miguuni. Naweka chumvi mara mbili kwenye sombe, majani ya muhogo, natoka kwenda kisimani bila ndoo.

Miezi ikapita hivyo. Siku moja mwalimu wake akanikuta njiani, mwanamke kijana, chaki bado kwenye vidole.

"Mama, mutoto wako analala mu darasa."

"Watoto wote wanalala mu darasa. Hata minye nililala, njo maana niliishia darasa la tatu."

"Hapana, mama. Huyu analala macho wazi. Namufundisha Jumatatu, anaelewa muzuri, anajibu. Jumanne ni kama hakuwepo. Mwaka jana alikuwa wa pili. Sasa nikimuuliza kitu ya juzi, ananiangalia tu, machozi inatoka."

"Amefiwa, mwalimu."

"Najua, mama, nami nilifiwa. Lakini egzame iko karibu. Kama hakupita, mwakani atakaa tena na wadogo, na huyu namuona, hatarudi. Ataenda kuanika ndagala."

Kuanika ndagala si aibu, mama yake alianika ndagala na watu walikula. Lakini mama yake alikuwa akimwambia kila asubuhi akimfunga vifungo vya shati: minye niko ku mchanga ili weye usikuje ku mchanga. Maneno hayo yalikuwa bado ndani ya nyumba.

Nikaanza kutafuta dawa kabla mtihani haujafika. Wifi yangu akasema ni minyoo, akaleta majani machungu ya mubirizi, mtoto akanywa, akatapika, akabaki vile vile. Jirani wa maombi akasema kupitia ukutani, maana yeye hasumbuki kuzunguka hadi mlangoni:

"Mama yake anamusumbua. Tumupeleke chumba cha maombi, siku tatu bila kula."

"Ana nyama gani ya kufungia siku tatu? Umemuangalia?"

"Basi utakuja kuniambia."

"Nitapita ku mlango, kama watu, nikuje kukuambia."

Akanuna siku nne. Nyumba ikawa na amani, lakini mtoto aliendelea kukauka, macho yameingia ndani, na kila nikimwuliza, "Ulilala?" anajibu, "Nililala, koko." Koko ndiyo bibi kwetu. Alikuwa na adabu hata katika kudanganya.

Mbuzi ndiye aliyemfichua.

Mbuzi alikuwa analala katika kijumba cha kupikia nyuma ya nyumba, kwa kuogopa wezi, na mbao za kile kijumba zimegusana na ukuta wa chumba cha mtoto. Asubuhi moja, jua limeshatoka upande wa Burundi na ziwa limekuwa jeupe, nikaenda kumtoa nimpeleke kwenye majani. Nikashika kamba yake, nikavuta. Ndani ya nyumba mtu akapiga kelele.

"Aii! Koko! Muguu yangu!"

Nikaacha. Nikavuta tena, kidogo. "Aii!" Mbuzi alinitazama. Nikainama, nikaona uzi wa wavu, ule mwembamba mgumu, umefungwa kwenye mguu wake wa nyuma, unapita chini ya ubao, unaingia ndani. Nikaufuata kwa macho, halafu nikaufuata kwa miguu, nikaingia chumbani. Mjukuu wangu amekaa juu ya mkeka, uzi umezunguka kidole gumba cha mguu, kidole kimevimba, na kuna alama nyingine za zamani pembeni yake.

"Hii ni nini?"

"Kamba."

"Naona ni kamba. Juu ya nini iko ku kidole yako?"

"Mbuzi akigeuka, inanivuta."

"Na weye unataka mbuzi akuvute juu ya nini?"

Akatazama chini. "Nisilale."

Hila hiyo niliijua. Baba wa mama yake, marehemu mume wangu, alikuwa mvuvi, na akiwa ziwani akisubiri samaki alikuwa akifunga uzi kwenye kidole cha mguu ili wavu ukivutwa aamke. Nani alimsimulia mtoto? Mimi. Mara nyingi, na kwa kicheko.

"Na juu ya nini hutaki kulala?"

Hapo akaniangalia, na lilikuwa jicho lile lile la kwenye mikeka.

"Si njo weye ulisema? Ulisema nikilala nitasahau. Minye sitaki kusahau mama."

Kulikuwa na beseni limepinduliwa chini, nikalikalia. Huko nje mbuzi, ambaye uzi wake ulikuwa umekatika kwenye ubao na kamba nimeiachia, alikuwa ameshaingia kwenye lengalenga, mchicha wa jirani, na jirani amesahau kwamba amenuna, anapiga kelele mbuzi yenu, mbuzi yenu. Nikawaacha wote wawili. Miezi yote ile. Mtoto amepigana na usingizi miezi yote ile, akisaidiwa na mnyama, kwa sababu ya maneno ambayo mimi niliyatoa mdomoni bila kuyaangalia.

Nilijaribu kumweleza. Nikamwambia habari za mama mkwe wangu, kule kijijini Makobola. Nilipoolewa nilifika pale sijui mtu, na desturi ya nyumba ile ilikuwa kwamba bibi arusi ajifunze ukoo wote, nani ni nani, nani anasalimiwa kwa kupiga magoti na nani kwa mkono. Walikuwa wengi mno, na wengine wamefanana sura. Mama mkwe alinitajia wote jioni moja tukichambua mchele. Mimi kwa kiherehere nikataka kuwarudia hapo hapo, nimwonyeshe kwamba nina akili. Akanifunika mdomo kwa mkono wake wenye pumba.

"Sitaki kusikia leo. Leo bado iko ku ulimi tu. Lala nayo, utaniambia kesho."

Na kesho yake walikuwepo. Si wote, lakini wengi, wamekaa vizuri kila mmoja nafasi yake, kama watu walioingia usiku wakatafuta viti wenyewe. Waliokosekana alinitajia tena, nikalala nao tena. Tangu hapo ndivyo ninavyoshika majina. Nikikutana na mtu mpya, nikienda kulala namtaja mara moja, basi.

"Kwa hiyo," nikamwambia mtoto, "usingizi si mwizi. Minye nimelala miaka yote hii, na watu wangu iko wote."

Akafikiri. Mtoto huyu hapokei kitu bila kukigeuza upande wa pili.

"Lakini sasa haulale. Nakuonaka. Unakaa ku kiti mpaka asubuhi. Weye pia unaogopa."

Nikainama, nikaanza kumfungua uzi kidoleni.

"Kama ni kweli," akasema, "lala weye kwanza. Minye nitakuangalia. Ukiamuka nitakuuliza. Ukisahau kitu ya mama hata moja, minye silale tena, na usiniambie kitu."

Hivyo ndivyo nilivyowekewa mtihani, mimi wa darasa la tatu.

Tukachagua Jumapili, baada ya misa na chakula. Akachukua kaye yake, daftari la shule, akafungua nyuma ambako hakuna masomo. Tukataja mambo ya mama yake, yeye moja, mimi moja, yeye akiandika. Kwamba alikuwa akifunga kikwembe, kitenge chake, mafundo mawili kwa sababu ya upepo wa pwani. Kwamba alikuwa na kovu kisigino cha kushoto, chupa ilimkata. Kwamba akihesabu mabeseni ya ndagala alinyamaza akifika la saba, halafu anaendelea. Hakuna aliyejua kwa nini. Kwamba akimwita mtoto kutoka mbali hakuita jina, aliita "Weee!" na watoto wote wa mchangani walisimama lakini ni mmoja tu aliyekuja. Kwamba alilala ubavu wa kulia. Kwamba alionja chumvi kwa kiganja, si kwa kidole. Mambo kama hayo. Yakafika kumi na tisa. La mwisho lilikuwa kikwembe alichovaa asubuhi ile aliyotembea mwenyewe kwenda hospitali. Akaliandika bila kuniuliza, akafunika kaye.

Nikatandika mkeka. Nilikuwa sijalala kwa kupenda tangu maziko, na mwili wangu uliogopa kushuka chini. Mtoto akakaa karibu na kichwa changu, kaye magotini, ananichunga uso kama mtu aliyeweka maziwa jikoni. Nilikuwa naogopa kitanda cha hospitali. Nilikuwa naogopa pia kuamka. Niliwaza: nikipoteza moja, nimempoteza mtoto huyu.

Sikumbuki nilivyoingia. Nakumbuka nilichokuta.

Hakikuwa kitanda. Kilikuwa ni mchanga wa Kalundu, jua kali, ndagala zinameta, na binti yangu ameinama anazigeuza. Bata akaja akaanza kula. Binti yangu akavua ndala, akamrushia bata, akamkosa, ndala ikampata mwenzake, yule mwembamba, juu ya jicho. Wakaanza kucheka, wote wawili, hata wakakaa chini, na bata anaendelea kula. Basi. Hakunigeukia, hakuniambia lolote. Watu husema wafu wakija ndotoni huleta ujumbe. Wangu hakuleta kitu, alikuwa na kazi yake. Nilibaki pale muda mrefu nikimtazama, na moyo wangu haukukimbia.

Nilipoamka kivuli cha mlango kilikuwa kimefika miguuni. Mtoto alikuwa pale pale, anayumba kwa usingizi lakini hajalala.

"Koko, tuanze."

Akaniuliza kama mwalimu wake, bila kucheka, kidole kwenye mstari. Mafundo ya kikwembe? Mawili. Kovu? Kushoto. Beseni la ngapi? La saba. Nilijibu moja moja, na kila nikijibu aliweka alama. Kumi na nane zikapita. Nikaanza kupumua.

"Kikwembe ya ile asubuhi?"

"Ya kijani. Yenye kuku."

Hakuweka alama. Akafunika mstari kwa kidole.

"Ya buluu. Ilikuwa ya buluu, koko. Umesahau."

Nilitaka kumwambia ni wewe uliyekosea. Bado ninakiona, cha kijani, kuku wanakimbizana pembeni. Lakini binti yangu alizikwa nacho, hakuna sanduku la kufungua tukaangalie. Mtoto anaona buluu, mimi naona kijani, na mwenyewe amekwenda nacho. Nilikuwa nimechoka kushinda.

"Inawezekana nimesahau," nikasema. "Basi weye umenikumbusha. Lakini ngoja. Ile ya ndala, uliiandika?"

"Ndala gani?"

Nikamsimulia bata. Alisikiliza uso umekunjwa, halafu nilipofika pale ndala ilipompata yule mwembamba, kitu kilimtoka puani. Kilikuwa kicheko, kimejitokea chenyewe bila ruhusa yake. Cha kwanza tangu Ijumaa ile.

"Ni ndoto tu," akasema, akifuta pua.

"Sijui. Twende tumuulize."

Tukaenda kesho yake, akitoka shule. Yule mwanamke mwembamba alikuwa anageuza ndagala zake. Nikamwuliza kama binti yangu aliwahi kumpiga na ndala. Akasimama wima, mkono kiunoni.

"Nani amekuambia? Si ulikuwa hapa, mama! Ulikuwa umekuja kuomba chumvi. Angalia, alama hii hapa. Na ule bata njo alishiba, mbwa ule!" Akaanza kucheka, halafu akaacha, akajifuta na ncha ya kikwembe. "Mama ya mutoto, ee. Alikuwa hajui kurusha kitu."

Kumbe nilikuwepo. Niliona kwa macho yangu, na lilikuwa limenitoka kabisa, na usingizi ndio umelirudisha. Njiani mtoto alikuwa anahesabu kwa vidole.

"Kumi na tisa, toa moja, ongeza moja."

"Inakuwa ngapi?"

"Kumi na tisa. Lakini si ile ile kumi na tisa."

"Hapana, si ile ile."

Tukatembea. Mbele ya nyumba akasimama.

"Na minye nikilala, nikisahau moja, nani atanikumbusha?"

"Minye."

"Na weye?"

"Weye. Koko yako mwanaume na wenzake, ku ziwa, hawakulala wote mara moja. Mmoja analala, mwingine anakaa zamu. Asubuhi wote walifika."

Akageuza jambo hilo upande huu na upande ule. Nilimwona akiligeuza. Hatimaye akanipa kaye.

"Kaa zamu, basi. Lakini usisinzie, koko. Nakujua."

Alilala saa saba ya mchana akaamka jua linazama. Alilala mdomo wazi, mikono imetupwa, kama kitu kilichoanguka kutoka juu. Nilikaa naye na kaye mapajani, mguu wangu ukafa ganzi, ugali haukupikwa, jirani akauliza ukutani kama tumehama. Alipofungua macho, kabla hata ya kumeza mate, alisema: "Mafundo mawili. Kisigino kushoto. La saba." Akaendelea mpaka mwisho. Akafika kwenye kikwembe. "Ya buluu," akasema, akaniangalia. Nikaweka alama.

Ndivyo tulivyoendelea, siku kwa siku. Akitoka shule anakula, anasoma somo lake la siku hiyo mara moja kwa sauti, mambo ya Kifaransa ambayo mimi siyaelewi, halafu analala nalo, kama nilivyolala na ukoo wa Makobola. Akiamka namwuliza, "Iko?" Anasema, "Iko." Uongo wake nimeshaujua sura, na huu haukuwa uongo. Yeye akimaliza, nalala mimi, yeye anakaa na kazi zake za shule. Uzi wa wavu nilifungia mlango wa kuku.

Na mimi nikaanza kuona jambo ambalo sikufundishwa na mtu. Kitanda cha hospitali kilikuja tena, sitasema hakikuja. Lakini kila kilipokuja kilikuwa kimepungukiwa kitu. Mara moja mipira ya dawa haikuwepo. Mara nyingine mkono wake ulikuwa bado wa moto. Usingizi ulikuwa unakaa na lile jambo kama mama anavyokaa na samaki wa mtoto, anatoa miiba mmoja mmoja, nyama anaiacha. Sijamsahau binti yangu hata kidogo. Ila sasa naweza kumkumbuka na nikaendelea kumeza.

Niseme pia kwamba uchovu haukuniondoka wote. Nina umri wangu. Kuna siku nalala na kuamka nimechoka zaidi, na kuna siku siioni ndoto yoyote, naamka mikono mitupu. Sitaki mtu asome hapa afikiri usingizi ni muujiza. Ni kazi nyingine tu ya nyumbani, inataka kufanywa kila siku.

Siku moja, mvua imenyesha asubuhi na hewa imepoa, niliamka nikashtuka. Mtoto alikuwa amelala pembeni yangu, mgongo kwenye mgongo wangu. Hakuna aliyekuwa zamu. Kaye imefungwa katikati yetu, na mlangoni mbuzi amesimama na mtoto wake, wanatutazama. Niliogopa kama mvuvi aliyesinzia karibu na mawe. Nikaanza kuhesabu kimya kimya, mafundo, kisigino, la saba, bata. Yalikuwepo. Nikahisi mgongo wake umekakamaa, naye ameamka, naye anahesabu. Nikangoja amalize.

"Koko, hakuna mwenye alikaa zamu."

"Hakuna."

"Kaye ilikaa."

"Ndiyo. Kaye ilikaa."

Mtihani alifanya. Alipita. Hakuwa wa pili, alikuwa katikati ya wengine, na mwalimu alikuja hadi nyumbani kuniambia, akasimama mlangoni akitabasamu na mbuzi anamnusa sketi. Sasa ni wa sekondari, anavaa shati jeupe, vifungo anajifungia mwenyewe.

Limebaki jambo moja, na ndilo lililonishikisha kalamu. Juzi wifi yangu alikuja kunitembelea, nikamwambia yote haya, namna nilivyomharibia mtoto miezi yake kwa maneno mawili. Akanikatiza.

"Si weye ulisema. Weye ulikuwa hauna sauti ile siku. Ni minye nilimuambia mutoto, lala utasahau. Nilikuwa ku mlango, nikasema."

Mtoto anasema ni mimi. Mimi nakumbuka mkono wangu kwenye mgongo wake, na mdomo wangu ukisema. Lakini wifi yangu ananipenda, anaweza kujitwisha mzigo usio wake. Na mimi nilikuwa sijalala siku ngapi. Inawezekana yeye alisema na mimi nikayabeba. Inawezekana tulisema wote.

Kwa hiyo wewe uliyekuwa pale siku ya tatu, uliye kwenye orodha yangu au niliyekusahau, nisamehe kama nimekusahau, uje uniambie. Nani alisema? Na wewe uliyemwona binti yangu asubuhi ile akitembea kwenda hospitali, kikwembe kilikuwa cha rangi gani? Kama nimekosea pahali pengine, nirekebishe pia, sitakasirika, tutaandika nyuma ya kaye pamoja na mengine. Ila usije kati ya saa saba na saa tisa. Saa hizo tumelala.